Mandarini ya milimani: baridi siyo adui wa kwanza

Huku juu Lubero na Masisi, muti wa mandarini ukianza kukauka nyuma ya nyumba, watu wanasema: ni baridi. Kweli, chini ya digrii 13 hivi muti unasimama kukua, na matunda yanachelewa kuiva. Lakini mandarini inavumilia baridi kuliko ndimu. Ukiipanda pahali penye jua la asubuhi, si chini bondeni ambapo baridi inalala, wala chini ya migomba, itazaa.

Kinachoua mara nyingi ni ugonjwa unaopenda baridi. Kwenye joto kali hauna nguvu. Huku juu ndiyo kwao. Unaletwa na kadudu kanakoruka, hakafiki punje ya mchele, na kanataga mayai kwenye majani machanga. Geuza jani: kama chini iko vishimo na juu iko vinundu, kadudu kamefika. Hapo muti unaweza kuwa bado muzima. Pulizia maji ya sabuni, sana sana upande wa chini wa majani, na urudie kila muti unapochipua.

Angalia tena rangi. Umanjano ukiwa sawasawa pande zote mbili za jani, mara nyingi ni njaa ya udongo, ongeza samadi. Ukiwa mabaka mabaka, upande huu tofauti na ule, shuku ugonjwa. Kata tunda: likiwa dogo, limepinda, na mbegu zake ni nyeusi zimenyauka, basi ndiyo huo. Dawa ya kuponya muti haiko. Puliza kwanza ili vidudu visikimbilie kwa jirani, halafu ng'oa na uchome. Inauma, hasa kama ulingojea miaka minne.

Sasa sehemu inayogusa kooperative nzima. Ugonjwa huu haupiti kwenye mbegu. Unapita kwenye jicho tunalokata kwa kupandikiza, yaani kugrefe. Pepinieri ikikata macho kwenye muti-mama mumoja mgonjwa, miche inayouzwa inaweza kutoka nao, hata kama majani yake yanapendeza. Na mnunuzi atasema tena ni baridi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe mwenye pepinieri akuonyeshe muti-mama, ukiwa na matunda. Kata mawili, uangalie mbegu. Akikataa, nunua kwa mwingine.