Bahari Imechafuka au Imechafuliwa?

Mvuvi wa Mombasa akisema bahari imechafuka, wenzake huelewa kwamba upepo ni mkali na mawimbi ni makubwa. Siku hiyo hakwendeki. Gazeti likiandika maneno hayo hayo, msomaji wa bara hufikiria chupa, mifuko na maji machafu. Makala haya yanadai kuwa tofauti hii si ya msamiati tu, bali inahusu pia kauli ya kitenzi.

Kitenzi ‘chafuka’ kimo katika kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtenda wala haina nafasi ya kumtaja. Kwa mvuvi inafaa kabisa, kwani ni nani wa kuulizwa kuhusu kusi? Taka, hata hivyo, hazina msimu wake kama pepo.

Tuchukue mfano wa Mombasa yenyewe, kisiwa kilichozungukwa na hori za Tudor na Kilindini. Masika yaanzapo, kwa kawaida kati ya Machi na Aprili, maji huangukia mabati, lami na saruji, yakakosa udongo wa kuyanywa. Hutiririka mitaroni yakikokota vumbi, oili ya magari, maganda, chupa za plastiki na maji ya vyoo hadi horini. Mvua za mwanzo baada ya kiangazi ndizo hubeba uchafu mwingi zaidi, kwa kuwa huzoa malimbikizo ya miezi kadhaa. Plastiki hunasa katika mizizi ya mikoko. Tope nalo huzuia mwanga usiyafikie matumbawe na nyasi za baharini.

Hapa kauli ya kutendwa ndiyo stahiki: bahari imechafuliwa. Papo hapo swali huzuka: na nani? Kiwanda chenye bomba lake huweza kutajwa. Mtaro wa mtaa hukusanya vya watu wote, na kila mmoja alitupa kidogo tu, mbali na ufuo. Yamkini ndiyo sababu wasemaji hukimbilia ‘imechafuka’. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, haikukwepa hivyo: ililenga kutengeneza, kuagiza na kutumia, vitenzi vitatu ambavyo kila kimoja kina mtenda wake. (Kwamba ilitangazwa kwa Kiingereza ni mjadala mwingine.)

Mwanafunzi wa sarufi na aitazame sentensi hii ya kawaida: ‘Mtaro umeziba, taka zimefika baharini.’ Ina vitenzi viwili, na haina mtu hata mmoja.