KWA NINI NGUO HUKAA DUKANI BILA MNUNUZI

Konza ni stesheni ya reli katika Machakos, mahali ambapo njia ya kwenda Magadi huachana na reli kuu ya Mombasa na Nairobi. Reli kuu ilipofika Nairobi mwaka wa 1899 ilikuwa imeuacha mji wa Machakos kando na kupita Konza. Mahali kama hapa mwenye duka la nguo ana shida ya namna yake. Watu wengi hupita mbele ya mlango wake, lakini njia ile ile imletayo mnunuzi ndiyo impelekayo Nairobi, mwendo wa kilomita 60 hivi. Mji mpya wa teknolojia, ambao ujenzi wake ulizinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Januari 2013, uko karibu. Na mtu anayetumaini kwamba mji huo utamletea wanunuzi yafaa kwanza ajiulize kwa nini waliopo sasa hawanunui kwake.

Wenye maduka wakiulizwa sababu ya kuharibika kwa biashara yao, wengi hutaja mitumba. Neno hilo lina ukweli. Tangu milango ya biashara ya nje ilipofunguliwa, hasa katika miaka ya 1990, nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani zimejaa katika masoko ya Kenya, na viwanda vya nguo kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vilifungwa, ingawa Rivatex ilikuja kufufuliwa baada ya kuchukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007. Lakini bei ndogo si sababu peke yake. Mwuzaji wa mitumba hununua furushi la kilo 45 hivi likiwa limefungwa, asijue lina nini ndani. Akilifungua pengine huona mashati yaliyochanika, au makoti mazito yasiyofaa kwa jua la Ukambani. Hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenye duka aliyezichagua nguo zake moja moja kwa macho. Basi huyu anaponaje?

Hupona kwa sababu hangoji. Nguo nzuri huziuza asubuhi kwa bei ya juu kwa wale waliowahi, mchana hupunguza, jioni hulundika zilizobaki na kuita watu kwa bei ya chini kabisa. Kesho yake ana fedha mkononi za kununua furushi jingine. Mwenye duka, kinyume chake, hutundika shati ukutani kwa bei ile ile tangu Januari hata Desemba, mpaka jua linalopita dirishani limelipausha bega moja.

Hesabu yake ni hii. Tuseme mtu amenunua mashati 12 kwa shilingi 500 kila moja, jumla shilingi 6,000. Anauza shati kwa shilingi 750. Akiisha kuuza mashati 8 amepata shilingi 6,000, yaani fedha zake zimerudi, wala hajapata faida hata senti moja. Faida yote imo katika mashati 4 yaliyobaki. Na kwa kawaida yanayobaki ni yapi? Ni yale madogo mno, au makubwa mno, au ya rangi isiyopendwa. Ndiyo kusema faida yake imetundikwa ukutani, na kodi ya chumba bado haijalipwa. Akiyauza hayo 4 kwa shilingi 400 kila moja atapata shilingi 1,600. Wengi hukataa wakisema, “Siwezi kuuza chini ya bei niliyonunulia.” Lakini fedha za kununulia zimekwisha kurudi katika yale 8, shilingi 1,600 ni faida kabla ya kodi, tena ni fedha zinazoweza kununua mashati mengine matatu ya kimo kinachotakiwa. Shati linalokaa mwaka mzima halimpi kitu.

Kodi hailali. Kampuni ya Deacons, iliyoanzishwa Kenya mwaka wa 1958 na kuwa na maduka ya nguo katika majumba makubwa ya biashara, iliingizwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka wa 2016. Mnamo Novemba 2018 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi kwa ajili ya madeni. Ukubwa haukuiokoa. Duka la chumba kimoja lina kodi ndogo, lakini mapato yake pia ni madogo, na mwisho wa mwezi hufika kwa wote.

Kosa jingine ni kununua nguo bila kuwajua watakaozivaa. Wafanya biashara wa zamani walilijua jambo hili vizuri. Wakamba walipokuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani katika karne ya 19, walirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba aina za shanga zilikuwa nyingi mno, na kila nchi ilikuwa na zile izipendazo; msafiri aliyechukua zisizopendwa aliweza kukosa hata chakula cha wapagazi wake, ingawa mizigo yake ilikuwa mizima. Mwenye duka wa leo aendaye Nairobi kununua bidhaa, akachukua zile zinazong’aa machoni pake mwenyewe, yu katika hatari ile ile. Afadhali awe na daftari, na kila mtu atokapo mikono mitupu aandike alichokuja kutafuta: suruali ya kiuno fulani, sketi ndefu ya kuendea kanisani, sare ya mtoto. Baada ya miezi miwili daftari hilo litamwambia anunue nini.

Tena kuna habari ya kujaribu nguo. Mnunuzi wa mitumba huiinua nguo, huigeuza nje ndani, hutazama mshono, na hujipima juu ya nguo alizovaa, wala hakemewi. Katika maduka mengine nguo mpya imefungwa ndani ya karatasi ya nailoni na mwenye duka hukunja uso ikiguswa. Pazia pembeni, kioo cha kimo cha mtu, na futi ya fundi havina gharama kubwa. Na fundi cherehani akae barazani! Suruali iliyozidi urefu hupunguzwa papo hapo, na mnunuzi aliyekuwa akiondoka hulipa. Nguo kubwa isiyotoka hugeuka nguo ya kutoka, na fundi naye hupata kazi.

Mwisho ni majira ya fedha. Mkulima wa Ukambani hana mshahara wa mwezi. Huwa na fedha baada ya kuvuna na kuuza, mbaazi katika Agosti na Septemba, maembe tangu Desemba. Na Januari fedha hizo hudaiwa na shule. Wakati wa palizi, Novemba, mkononi mwake hamna kitu. Wenye maduka wengi hutoa nguo kwa deni wakati huo, kisha hupoteza nguo na mteja pamoja, kwa maana mwenye deni hupita njia ya nyuma. Iko njia nyingine. Mama aliyechagua gauni la Krismasi mwezi wa Septemba, fedha za mbaazi zikiwapo, aiweke dukani na kulipa kidogo kidogo, shilingi 100 au 200 kila siku ya soko, au kwa M-Pesa, ambayo ilianza Kenya mwaka wa 2007. Jina lake libandikwe juu ya gauni, na kila malipo yaandikwe katika kadi mbili, moja yake na moja ya duka. Gauni halitoki mpaka limelipwa lote. Na akishindwa kwa sababu ya ugonjwa au ukame, arudishiwe fedha zake, au achukue nguo nyingine yenye thamani ya kiasi alichokwisha kulipa. Na jambo hilo liandikwe katika kadi tangu siku ya kwanza, kabla hajatoa shilingi yake.