Kifaru wa Shambe na Nyama ya Porini Mjini Juba

Mwaka 1975, huko Shambe, kando ya Mto Nile kaskazini mwa Juba, alikamatwa kifaru mweupe mdogo akapelekwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Czechoslovakia. Akaitwa Sudan. Walioachwa nyumbani walimalizwa na bunduki.

Desemba 2009 Sudan alihamishiwa Ol Pejeta, Kenya, akafia huko tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki binti yake Najin na mjukuu wake Fatu, wote majike, katika ua wa ekari 700 wenye uzio wa umeme na askari wenye bunduki usiku na mchana. Ndio vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani. Uzio ule ni mzuri. Ulichelewa tu.

Mbona nasi tusizungushie uzio hifadhi zetu za Badingilo na Boma, hapa Sudan Kusini?

Kwa sababu wanyama wetu ni wasafiri. Sensa ya mwaka 2023, iliyofanywa kwa ndege, ilikadiria swala wapatao milioni 6, na karibu milioni 5 kati yao ni kobu wenye masikio meupe. Wengine ni nyamera, tohe na swala wa Mongalla. Hufuata maji na majani mabichi mwaka mzima. Botswana ilijenga nyuzio za kuzuia magonjwa ya ng'ombe, na katika ukame wa miaka ya 1980 nyumbu walikufa kwa makumi ya maelfu wakitafuta maji.

Milioni 6 si wengi mno kuweza kumalizwa?

Pundamilia wa Boma nao walikuwa maelfu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo kumwona mmoja ni bahati. Zamani mwindaji alirudi na mnyama wa chungu cha nyumbani, na hilo halikumaliza pori. Kinachomaliza ni mizigo ya pikipiki na magari inayoletwa kuuzwa mjini.

Ombi letu, basi, ni kwako mnunuzi wa Juba, na kwako mama mwenye hoteli: nyama ya porini, mbichi au iliyokaushwa, usinunue wala usiipike. Ukiuziwa ndama wa swala aliye hai, usimnunue hata kwa huruma, maana ukilipa leo, kesho wataletwa watatu. Toa taarifa kwa Wizara ya Uhifadhi wa Wanyamapori na Utalii.