Jina la Mgeni na Wajibu wa Mwenyeji: Utambuzi wa Mifumo Endeshi katika Mashine Pepe kwa Kulinganisha na Njia ya Misafara ya Tabora

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya kompyuta, mashine moja yaweza kubeba ndani yake mashine nyingine kadhaa ambazo hazina umbo la kushikika. Hizi huitwa mashine pepe. Kompyuta inayozibeba huitwa mwenyeji, na mfumo endeshi unaofanya kazi ndani ya kila mashine pepe huitwa mgeni. Istilahi hizi mbili hazikubuniwa upya. Ni maneno ya siku nyingi, nayo yameingia katika taaluma hii pamoja na maana zake za kijamii. Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" inadokeza kwamba uhusiano wa wawili hawa ni wa manufaa na wajibu kwa pande zote mbili.

Swali linalojadiliwa katika makala haya ni hili: mwenyeji anamtambuaje mgeni wake? Hoja inayotetewa ni kwamba mgeni hana jina moja, bali ana utambulisho wa aina tatu: jina analopewa, jina analojitajia, na alama alizo nazo. Ili kuifafanua hoja hiyo, makala yanaanza na mazingira ambamo suala la kumtambua mgeni lilikuwa la kila siku, yaani Tabora na njia ya misafara ya karne ya 19.

2.0 Utambuzi wa Wageni katika Njia ya Misafara

Njia ya kati ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kituo cha Kaze, katika eneo la Tabora ya leo, kilikuwa makazi ya wafanyabiashara Waarabu tangu miaka ya 1850. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857, na Stanley alifika Unyanyembe mwaka 1871.

Katika njia hiyo, jina la kupewa lilikuwa na nguvu kubwa. Jina "Wanyamwezi" aghalabu hunasibishwa na watu wa pwani, ilhali wenyeji wa bara walijitambulisha kwanza kwa utemi wao: huyu Mnyanyembe, yule wa utemi mwingine. Mpagazi Msukuma au Msumbwa aliyefika Bagamoyo aliweza kuhesabiwa kuwa Mnyamwezi, kwa kuwa jina hilo lilimtosha mwenyeji wa pwani. Majina mengine yalitegemea mahali aliposimama msemaji. "Sukuma" ni kaskazini na "dakama" ni kusini. Hivyo, kwa Msukuma, jirani yake wa kusini ni Mdakama.

Jina la kujitajia nalo lilikuwapo. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, ikiwa mkononi mwa kirangozi, ilitangaza msafara ni wa upande gani. Hata hivyo, nyuma ya bendera hiyo walikuwapo watu wa asili mbalimbali. Vivyo hivyo, neno "mwungwana", ambalo pwani lilimaanisha mtu huru, lilitumiwa bara hata na watumwa wenye uhusiano na Zanzibar kujitofautisha na wenyeji. Ndipo mwenyeji mwangalifu alipotazama alama: lugha, mavazi na namna ya kubeba mzigo.

Utambuzi huo haukuwa wa kutosheleza udadisi tu. Huko Ugogo, kiasi cha hongo kilipatikana kwa majadiliano, na katika majadiliano hayo ilikuwa muhimu kujua msafara ni wa nani na umebeba nini. Vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilipoanza mwaka 1871, kutambuliwa vibaya kuliweza kugharimu maisha.

3.0 Njia Tatu za Utambuzi katika Mashine Pepe

Utambulisho wa aina ya kwanza ni jina la kupewa. Msimamizi anapounda mashine pepe katika VMware, huchagua aina ya mfumo endeshi katika orodha, na chaguo hilo huandikwa katika faili la mipangilio. Jina hili huwapo hata kabla mfumo wenyewe haujawekwa. Mwenyeji hulitumia kuamua vifaa pepe vya kumpa mgeni, lakini halithibitishi kilichomo ndani.

Aina ya pili ni jina la kujitajia. Ndani ya mgeni huwekwa programu ndogo iliyo wakala wake mbele ya mwenyeji. Katika VMware, kazi hiyo hufanywa na VMware Tools au open-vm-tools. Katika QEMU kuna wakala wa mgeni ambaye mwenyeji humwuliza naye akajibu. Kwa mifumo ya Linux, wakala huyo wa QEMU husoma faili liitwalo /etc/os-release, lililoanza kuenea mwaka 2012. Kabla ya hapo, kila distro, yaani kila mkusanyiko wa Linux unaosambazwa kwa jina lake, ilijitaja kwa faili lake: Red Hat kwa redhat-release, Debian kwa debian_version. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mashine iliyozimwa haijibu, na isiyo na wakala haina msemaji.

Aina ya tatu ni alama. Programu za libguestfs hufungua diski ya mgeni hata ikiwa mashine imezimwa, zikachunguza mafaili yake na mfumo wake wa kuhifadhi vifurushi vya programu. Njia hii haingoji mgeni aseme; lakini diski iliyofichwa kwa msimbo haisomeki pasipo ufunguo.

4.0 Pale Majina Yanapogongana

Mfano wa kwanza ni Ubuntu, distro iliyoanza mwaka 2004. Jina lake limetoka katika lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika, na mzizi wake ni uleule wa neno "utu". Ubuntu ilitokana na Debian, na hadi leo hubeba faili la debian_version. Mwenyeji anayetazama alama hiyo peke yake atasema mgeni ni Debian, kama vile Msumbwa alivyoitwa Mnyamwezi pwani. Faili la os-release limetatua tatizo hilo kwa kutenga sehemu ya ID, yenye jina la mgeni mwenyewe, na sehemu ya ID_LIKE, inayotaja jamaa zake. Katika Ubuntu, ya kwanza husema "ubuntu" na ya pili "debian".

Mfano wa pili ni CentOS Linux. Huduma ya toleo la 8 ilikoma tarehe 31 Desemba 2021, na ya toleo la 7 tarehe 30 Juni 2024. Mashine nyingi za toleo la 8 ziligeuzwa kuwa AlmaLinux au Rocky Linux pasipo kuundwa upya. Ndani, mgeni alibadili jina. Katika mipangilio ya mwenyeji, jina la zamani liliweza kubaki. Kinyume chake ni hatari zaidi: mashine ambayo haikugeuzwa haipati tena marekebisho ya usalama ya kawaida, na msimamizi asiyejua toleo lake hawezi kuilinda.

5.0 Athari kwa Uundaji wa Istilahi

Uchambuzi huu una funzo kwa waundaji wa istilahi. Neno "jina" pekee halitoshi. Inapendekezwa kutofautisha "jina la kupewa", "jina la kujitaja" na "alama za utambuzi". Kwa yaliyomo katika ID_LIKE, neno "nasaba" linafaa kuliko "aina", kwa kuwa linaonyesha asili bila kudai kwamba mtoto na mzazi ni kitu kimoja.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kila utambulisho una manufaa na upungufu wake: wa kupewa huwahi lakini huchakaa, wa kujitaja huwa mpya lakini hutegemea msemaji, na wa alama haungoji msemaji lakini waweza kuchanganya jamaa. Kwa hiyo mwenyeji hana budi kuzilinganisha zote tatu, na zinapopingana, achunguze kabla ya kutenda. Wenyeji wa njia ya Tabora walilazimika kufanya hivyo kila msafara ulipotokea, na istilahi "mwenyeji" bado inabeba wajibu huo.