Moto Gani Unafaa Kugumisha Kisu?

Huku Mulekera kisu kizuri kinatoka mara nyingi katika resori nzee ya gari. Ili kigumike, tunakipasha mpaka digri 800 na kidogo, halafu tunakizimisha ndani ya mafuta. Je, kwa moto gani?

Moto wa gesi na oksijeni wa mafundi wanaounganisha vyuma unapita digri 3000. Ni mkali, lakini mwembamba: makali yanaungua, mgongo ungali mweusi. Kisu cha namna hiyo kitamvunjikia mama shambani. Gesi ya kupikia yenye mdomo mpana, ndani ya tanuru ndogo ya matofali, inapasha sawasawa zaidi. Kama gesi haiko, makala na mivukuto vinatosha.

Tutajuaje kisu kimefika? Tukiguse na sumaku: kwenye digri 770 hivi sumaku haishiki tena. Tuongeze moto kidogo, ndipo tuzimishe. Kisha tukipashe tena mpaka digri 200 hivi, kisivunjike kama kioo.

Kazi ifanyike inje, maana moto unatoa hewa ya sumu isiyoonekana. Basi, tusichague moto mkali kupita yote. Tuchague ule unaoenea sawasawa.