Unauza ploti na wapangaji bado wako ndani? Anza na rekodi za kodi

Tuseme una ploti ya vyumba 8 hapa Kisumu Ndogo, Kibera. Kila chumba ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Umepata mnunuzi, lakini wapangaji 3 wamegoma. Hawalipi, hawafungui mlango mnunuzi akija kuangalia, na wanasema hawaendi popote. Utafanya nini?

Jua unachouza

Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera ni ya serikali, na wenye ploti wengi hawana hati ya kumiliki ardhi. Unachouza ni nyumba yenyewe na kodi inayoingia. Ndiyo maana mnunuzi huuliza mapema: "Inaingiza ngapi?" Ukimwambia 16,000 na zinazoingia ni 10,000, ataligundua hilo mwezi wa kwanza, na utakuwa umejiletea kesi. Mpangaji anayelipa anakuongezea bei. Si lazima umtoe ndipo uuze.

Usimtoe mtu kwa nguvu

Kung'oa mlango, kutoa mabati au kukata stima kutakuweka matatani. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Huwezi kumhamisha mpangaji wa nyumba kama hiyo bila amri ya baraza la kodi, na kumsumbua ili ahame ni kosa. Hata kukamata vitu vyake kwa sababu ya deni kunahitaji ruhusa ya baraza. Kodi ikizidi hapo, bado njia ni mahakama.

Wakaaji wa zamani wanakumbuka mwisho wa 2001, wakati mzozo wa kodi Kibera ulileta vita, watu wakafa na nyumba zikachomwa.

Kwa nini wanagoma?

Wengine wana deni tu. Lakini wengi wanaogopa: dipositi yangu itaenda wapi? Nitalipa mara mbili? Sisi sote tumewahi kupata meseji ya matapeli, "ile pesa tuma kwa hii namba." Sasa mpangaji akipata meseji kutoka namba ngeni ikisema "mimi ndiye landilodi mpya", kukataa kulipa ni busara. Kazi yako ni kumwondolea hiyo hofu.

Hatua 5 za kufuata

1. Toa rekodi. Omba taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi 6. Andika kwa daftari: chumba, kodi, dipositi, deni. Waliolipa keshi, wape risiti.
2. Hesabu dipositi. Ikiwa ni 2,000 kwa kila chumba, hiyo ni 16,000. Ipunguze kwa bei, na mnunuzi aandike kwamba yeye ndiye atakayeirudisha.
3. Ongea kuhusu deni. Mpangaji anaweza kulipa kidogo kidogo kwa simu, kila malipo yakiwa na meseji yake. Au msamehe, naye aweke sahihi kwamba atahama tarehe fulani. Ikishindikana, mwambie mnunuzi ukweli na mpatane bei.
4. Tangazeni pamoja. Wewe na mnunuzi simameni mbele ya wapangaji, mzee wa kijiji akiwepo. Usitume meseji peke yake. Bandikeni karatasi kama hii:

   *"Wapangaji wetu, ploti imeuzwa. Kodi ya mwezi huu lipeni kwa namba ya zamani. Kuanzia mwezi ujao, lipeni kwa namba mpya iliyo hapa chini. Dipositi zenu ziko kwa mwenye nyumba mpya. Hakuna atakayelipa mara mbili."*

5. Pokea pesa kwa makini. Muamala mmoja wa simu una kikomo, kwa hivyo bei kubwa ipitie benki. Usikabidhi funguo kwa sababu ya meseji tu. Angalia salio lako kwanza. Na PIN yako usimpe mtu, hata mnunuzi.

Kwa mpangaji

Nyumba kubadilisha mwenyewe si sababu ya wewe kuacha kulipa, wala si sababu ya kufukuzwa. Weka meseji zako za malipo. Namba ya kodi ikibadilika, mpigie landilodi unayemjua kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Jipime

Mnunuzi akikuuliza leo chumba nambari 5 kimelipa miezi mingapi mwaka huu, unaweza kumwonyesha kwa simu yako? Kama huwezi, anzia hatua ya kwanza.