Kibodi ya Vipande Viwili kwa Mchapaji wa Kiswahili: Nilivyoijenga Yangu Hapa Tabora

Chapa neno "mahakama" kwa vidole vyote, halafu angalia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kimegonga mara nne katika neno la herufi nane. A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, na mpangilio wa QWERTY umeikabidhi kwa kidole kinyonge kuliko vyote. Mpangilio huo ulitokana na mashine ya Christopher Sholes, iliyoanza kuuzwa na Remington huko Marekani mwaka 1874. Ulitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, nasi tukaurithi ulivyo.

Hapa Unyanyembe, eneo la Tabora, watu walijua kugawa mizigo. Misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita kwetu, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kila mmoja mzigo wa kilo thelathini hivi. Mapembe makubwa ya ndovu yakaenda kwa wanaume wenye mabega. Kibodi ya dukani inampa dhaifu pembe kubwa na kuwaacha wenye nguvu watembee mikono mitupu. Vidole gumba viwili, ambavyo ndivyo vyenye nguvu zaidi, vinagawana kitufe kimoja tu cha nafasi.

Mimi ni mhazili, na kazi zinazopita mezani kwangu karibu zote ni za Kiswahili. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kurasa zimezidi. Kidole kile kilikuwa kinauma hadi usiku. Kwa hiyo nilijenga kibodi yangu mwenyewe, ya vipande viwili na vitufe 36, na mpangilio nikauchora kwa ajili ya lugha ninayoichapa.

Anza na karatasi, pesa baadaye. Laza mkono kwenye karatasi bila kuukaza, weka alama ncha ya kila kidole ilipotua. Utaona alama hazikai kwenye mstari ulionyooka: kidole cha kati kimefika mbali, cha mwisho kimebaki nyuma. Kila kidole kipe safu yake ya vitufe vitatu, na safu ipande au ishuke kufuata alama. Kidole cha shahada kinapata safu mbili. Hapo una vitufe 15 kwa kila mkono, na chini yake vitatu vya kidole gumba. Kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake pawe na milimita 19.05, kipimo cha kawaida ambacho vifuniko vya vitufe vinakitegemea. Kata karatasi hiyo, ibandike kwenye boksi gumu, uigonge kwa siku chache kama vile unachapa. Nafasi ya kidole gumba ndiyo inayohitaji kurekebishwa mara nyingi, na kurekebisha boksi hakuna gharama.

Swichi za vitufe na vifuniko vyake itabidi uagize kutoka China kupitia watu wa mizigo wa Dar es Salaam. Kifurushi kitakuja kwa basi au treni. Agiza na vidhibiti viwili aina ya Raspberry Pi Pico, kimoja kwa kila kipande. Ni bodi ndogo iliyotoka mwaka 2021, bei yake ni nafuu, ina pini zaidi ya unazohitaji. Vingine vipo hapahapa. Daiodi za 1N4148 utazipata kwa fundi redio yeyote, na unahitaji 36, moja kwa kila swichi. Nyaya ni zile za shaba zilizomo ndani ya waya wa mtandao wa kompyuta. Kipande cha mita moja kina nyaya nane.

Bamba linaloshika swichi ndilo lenye masharti. Matundu yawe ya mraba wa milimita 14, na bamba liwe na unene wa milimita 1.5, maana vijino vya swichi vimeundwa kunasa unene huo. Mimi nilitumia bati la alumini, nikatoboa kwa drili na kumalizia kwa tupa. Ukiwa na fundi mabango mwenye mashine ya kukatia, akriliki inafaa pia, lakini ile ya milimita 3 haitanasa vijino, kwa hiyo weka tone la gundi kwenye pembe za kila swichi.

Boksi la chini ni mninga. Tuna bahati: ni mti wa misitu yetu ya miombo, na ukishakauka haujikunji wala haupanuki ovyo. Omba mabaki kwa mafundi samani, hakikisha ni makavu, chimba kwa patasi nafasi ya nyaya na ya Pico. Usipake vanishi. Yeyusha nta ya nyuki kidogo kwenye mafuta ya kula, sugua kwa kitambaa, acha mbao iinywe, rudia. Mkoa huu ni wa asali, nta haikosekani, na kiganja kinaifurahia kuliko plastiki yoyote niliyowahi kushika.

Sasa nyaya. Kila swichi ina miguu miwili. Mguu mmoja unaungwa kwenye waya wa safu wima, wa pili unapitia daiodi kwenda kwenye waya wa mstari mlalo. Kipande kimoja kina safu tano na mistari minne ukihesabu ule wa kidole gumba, kwa hiyo pini tisa zinatosha kusoma vitufe vyote 18. Mstari mweusi wa daiodi uelekee kwenye waya wa mlalo, zote vilevile bila hata moja kugeuka. Kazi yake ni kuzuia umeme kurudi nyuma. Bila daiodi, ukibonyeza vitufe vitatu vinavyofanya pembe za mstatili, kompyuta itadhani umebonyeza na cha nne. Choma risasi haraka, sekunde mbili au tatu kwa kila kiungo, maana ukikawia utayeyusha plastiki ya swichi. Fungua dirisha na unawe mikono ukimaliza.

Vipande viwili vinaongea kwa waya wenye plagi ya milimita 3.5 ya mikanda minne, kama ya spika za masikioni zenye maiki. Nyaya tatu zinatosha: umeme, hasi na ujumbe. Usichomoe waya huu kamwe kompyuta ikiwa imeunganishwa. Plagi inapoteleza, mkanda wa umeme unagusa mingine na unaweza kuunguza Pico zote mbili. Chomoa USB kwanza, kila mara.

Programu ya kuendesha kibodi inaitwa QMK, ni ya bure. Ukishaandaa faili lako, bonyeza kitufe kidogo cha BOOTSEL kwenye Pico huku ukichomeka USB. Itajitokeza kwenye kompyuta kama flashi, na wewe unanakili faili humo. Fanya hivyo kwa vipande vyote viwili.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi: mpangilio wa herufi. August Dvorak, aliyepata hataza ya mpangilio wake mwaka 1936, aliweka irabu zote mkono wa kushoto ili mikono ipokezane. Wazo lake linakifaa Kiswahili sana, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu: konsonanti kulia, irabu kushoto. Lakini hata yeye aliiacha A kwenye kidole cha mwisho. Kibodi ya Maltron ya Uingereza iliipeleka E, herufi inayotawala Kiingereza, kwenye kidole gumba. Nikaunganisha mawazo hayo mawili. A iko kwenye kidole gumba cha kushoto, nafasi iko kwenye gumba la kulia. O, E, I na U zimekaa mstari wa kati wa kushoto, pamoja na F, V, P na J juu na chini yake. Zilizobaki ni B, C, D, G, H, K, L, M, N, R, S, T, W, Y na Z, kumi na tano kamili, na mkono wa kulia una vitufe kumi na tano. Weka N, K, M na W mstari wa kati. Hakikisha M na B, au N na D, hazichangii kidole kimoja.

Q na X hatuzitumii, kwa hiyo zimehamia tabaka la pili, pamoja na tarakimu na alama, linalofunguka ukishikilia kitufe cha gumba. C kwetu haitembei bila H, basi kitufe chake kinatoa "ch" kwa pigo moja. Zingatia herufi kubwa: iambie programu iachie kitufe cha herufi kubwa baada ya C, la sivyo utapata "CHama". C tupu, kwa anwani za barua pepe na majina ya kigeni, iweke tabaka la pili.

Kwa "ng'" nilitumia R na L zilizokaa jirani mstari wa juu, zikibonyezwa pamoja. Hazifuatani katika maneno yetu, hivyo hazijitokezi kwa bahati mbaya. Mkoani kwetu majina yenye sauti hiyo ni mengi, na mtu anastahili jina lake liandikwe sawasawa kwenye hati yake.

Ukiwa na ganzi au maumivu yasiyoisha, nenda hospitali kwanza. Kibodi si tiba. Na kazi za haraka zichape kwa kibodi ya zamani mpaka mikono izoee, maana wiki za mwanzo utakwenda polepole sana.

Walimu wetu wa uhazili hapa Tabora, kwenye Chuo cha Utumishi wa Umma, mmefundisha vidole vya maofisi ya nchi hii kwa vizazi. Nawaomba mjaribu mpangilio wa Kiswahili na darasa moja, mpime kasi na makosa, mtuambie mlichokiona. Michoro yangu nitampa yeyote atakayeiomba.